Kidole cha Mama wa Mateso

Fundi,

Kiti cha askofu kimefika salama. Najua hilo ndilo ungeniuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza nani alikuja kukuzika. Mguu wa nyuma ulikwanguliwa kidogo na kamba ya lori, nikaupiga msasa na vanishi mlemle ndani ya kanisa kuu, nimechuchumaa na ushungi wangu mbele ya altare, masista wakinipita kwa adabu kama mtu anayesali. Mimbari imekaa sawa. Mabenchi yamekaa. Meza haichezi hata ukiiegemea kwa uzito wote.

Na sanamu imesimama. Hiyo ndiyo inayonifanya nikuandikie.

Sijui barua ya mtu aliyekufa hupitia wapi. Mama Sabina, mkeo, anasema ninyi Wakatoliki mnazungumza na wafu wenu, mnawawashia mishumaa, mnawatuma maombi. Kwetu Waislamu mtu akishafukiwa, yake yamekatika, anangoja dua tu. Basi naandika kwa desturi yenu. Wewe kwa miaka saba ulifuata yetu mle karakanani: ulizima redio kukiadhiniwa, hukula mbele yangu Ramadhani hata siku moja.

Siku tatu kabla hujaondoka nilikuja kukuletea uji. Ulikuwa umegeukia ukutani, pumzi inakwaruza kama msumeno ulioisha meno. Ukanishika mkono kwa nguvu ambazo sikudhani unazo. Ukasema, "Mwanahawa, ukimfunua, mwite jina."

Nikauliza, "Nani, Fundi?"

Ukasema, "Utamjua."

Mama Sabina akanitikisia kichwa nyuma yako, akimaanisha homa. Na mimi nikachukulia kuwa ni homa. Nilijua unaisema sanamu iliyokuwa stoo, na sanamu ile jina lake linajulikana na kila mtu: Bikira Maria Mama wa Mateso, zawadi ya yule mama mfanyabiashara wa mjini aliyeweka nadhiri akiwa hospitali. Yeye ndiye aliyelipia vyote, kiti, mimbari, mabenchi, meza na sanamu, ili kanisa kuu livae upya. Sasa jina gani tena nimwite?

Nilikuwa sijawahi kumwona. Nakumbusha, maana nataka ukumbuke kwamba sikuwa na hila. Siku ya kwanza nilipokuja Kibiti kuomba kazi, nilikwambia kuwa sichongi viumbe. Nilifundishwa chuo cha Kurani nikiwa mdogo kwamba anayetengeneza sura ya kiumbe ataambiwa siku ya Kiyama aipulizie roho, na hataweza. Ulicheka, ukafuta vumbi kwenye miwani. "Basi tugawane. Wewe mabenchi, mimi nyuso." Ikawa hivyo. Kila sanamu uliyoichonga uliichonga stoo, mlango umerudishwa, na ikitoka inatoka imefunikwa shuka. Nilisikia tu patasi ikigonga, tok, tok, halafu kimya kirefu, halafu tok.

Kwa huyu wa mwisho, kimya kilizidi patasi.

Tulipokwisha kukuzika, nilifunga karakana wiki mbili. Niliporudi kufungua, stoo ilikuwa na harufu ya matope. Si harufu ya mbao mbichi, Fundi, wala ya panya. Matope ya mikokoni, yale meusi, maji yanapokupwa. Nimezaliwa Mbuchi, kijiji cha mikokoni, harufu ile siwezi kuikosea. Sanamu ilikuwa imesimama pale ulipoiacha, kimo cha mtu, shuka nyeupe imeizunguka na kamba kiunoni. Na ile shuka ilikuwa imelowa. Sehemu moja tu. Usawa wa uso.

Niliangalia juu, nikidhani bati linavuja. Halivuji. Nikagusa ile shuka, nikaonja kidole. Chumvi.

Nikajipa jibu la kifundi. Gogo lilitoka Maparoni, hukohuko mikokoni, ni mkomafi, mti ulioota kwenye maji ya chumvi maisha yake yote. Masika yamekaribia, hewa ina unyevu, mbao inatoa jasho. Nikajiambia hivyo kwa sauti. Kisha nikatoka nje nikakaa barazani, kwa sababu kiti cha askofu kimetoka kwenye gogo hilohilo, nimekipasua mimi mwenyewe, na kilikuwa kikavu kama mfupa.

Padre wa kanisa kuu akaja na daftari lake. Akasema vitu vinatakiwa kanisa kuu kabla ya Ijumaa Kuu, na sanamu inahitaji mkono wa mwisho wa nta, nani ataipaka? Nilisema tutafute fundi Mkristo. Akasema Fundi Damiani aliacha neno kwake: mtu mwingine asiiguse ila Mwanahawa. Padre alikuwa na aibu kunieleza. "Nilimwambia binti ni Mwislamu. Akasema, ndiyo, najua, ni yeye tu."

Nilichagua mchana. Saa saba, jua la utosi, barabarani malori yanapita, muuza chipsi mbele ya karakana anakaanga. Nilitaka dunia yote iwepo. Nikafungua kamba, nikavuta shuka.

Fundi, ulifanya nini?

Ushungi haukuwa ule wa Bikira ninaouona kwenye kadi zenu. Ulikuwa ushungi wa kanga, umepitishwa chini ya kidevu na ncha kutupwa bega la kushoto, kama tunavyofunga Mbuchi. Nyusi ya kulia ilikuwa na mwanya katikati. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, kama mtu aliyekatizwa akiuliza jambo. Mikono imekutana kifuani. Na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepinda kwa ndani, kwenye fundo la pili.

Wewe hukuwahi kuchonga kidole kilichopinda. Ulikuwa unanirudisha nipige upya randa benchi lililozidi kwa unene wa kucha. Kile kidole kilipindwa kwa makusudi. Na mimi ndiye niliyekipinda. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, tunatwanga mpunga kwa kupokezana, mimi na mdogo wangu, na mchi wangu ukatangulia, ukakivunja.

Nikamwita jina. Sikukumbuka kama uliniagiza. Lilitoka lenyewe. "Zena."

Unajua habari ya Zena, maana nilikusimulia. Ilikuwa mwezi wangu wa tatu kwako. Mimi napiga msasa, wewe unanoa patasi, mvua inanyesha, mazungumzo yakaja. Nikakwambia mdogo wangu alipanda boti Mbuchi kwenda Nyamisati na mzigo wa mikeka, upepo ukageuka kwenye mlango wa mto, boti ikalala ubavu. Watu watano, wanne wakaokolewa. Yeye hakuonekana, si mzima si maiti. Nikakwambia mama yetu alikataa kusoma hitima kwa sababu hakuna kaburi, na tangu siku ile hali kitu kilichotoka majini, kamba wala kaa wala samaki, katika kijiji ambacho hakuna kitoweo kingine cha maana. Hakusema kwa nini na hakuna aliyemuuliza.

Uliniuliza swali moja tu: "Alikuwa amevaa kanga gani?"

Nikakwambia, nyekundu na nyeusi. Patasi ikakuchoma kiganja. Ulifunga tambara, ukaenda nyumbani, hukuja kazini siku mbili. Niliona haya. Nilidhani nimekuhuzunisha kwa habari zangu.

Basi siku ile ya kufunua nilikwenda kwa mkeo hivyohivyo, mikono ina vumbi. Mama Sabina alikuwa anachambua mchele. Nilipomwambia sura niliyoiona, aliweka ungo chini. Akasema, "Huyo si wa kuota. Alimwona." Akanieleza kwamba miaka tisa iliyopita ulirudi kutoka Maparoni bila gogo hata moja na bila shati mwilini. Alipokuuliza shati liko wapi, ulisema umeliachia mtu. Usiku ukawa hulali. Zaidi ya hapo hukumwambia. "Nenda kwa Kibwana," akasema. "Ndiye aliyekuwa naye."

Kibwana nilimjua kwa sura, yule mkata mikoko aliyekuwa akikuletea magogo. Nilipanda boti peke yangu. Tangu Zena apotee sikuwa nimepita mlango ule wa mto, na nilipita nimefumba macho, nikisoma Yasini niliyoikumbuka nusu. Maparoni nilimkuta anashona wavu. Nilitaja jina lako. Nikasema, "Kaka Kibwana, mimi ni dada yake."

Hakuuliza dada yake nani. Aliinuka, akachukua panga, akasema, "Twende kabla maji hayajajaa."

Njiani ndipo aliponisimulia, akitembea mbele, bila kugeuka. Kwamba alfajiri mlikuwa mnateremka na kijito, mna magogo tisa yasiyo na kibali. Maji yamekupwa. Mkamkuta amekaa. Ndivyo alivyosema, amekaa, mgongo kwenye mizizi ya mkoko, miguu matopeni, kanga nyekundu na nyeusi imekaza kichwani, mdomo wazi kidogo. Wewe ulimsalimia, Fundi. Kibwana anasema uliinua mkono ukasema, "Habari ya asubuhi, binti," kwa kuwa alionekana mtu aliyepumzika akingoja chombo. Ulirudia mara ya pili. Ndipo mkasogea.

Hapakuwa na mwanamke wa kumwosha. Kibwana alimtayamamisha kwa udongo mkavu badala ya maji, juu ya nguo zake, akampa shuka yake nyeupe kuwa sanda, na wewe ukavua shati kumfunika uso wakati mnachimba. Ulimuuliza watu wetu wanalazwa vipi, ukapima mwenyewe mwelekeo wa kibla kwa jua. Kibwana akamswalia. Wewe ulisimama nyuma.

"Kwa nini hamkusema?" nikauliza.

"Magogo," akasema. "Tuliogopa. Tukasema tutapeleka habari jambo likipoa. Likapoa, tukaona haya. Halafu Fundi akaja mwaka wa pili akaniambia, dada yake yupo karakanani kwangu, anapiga msasa. Nikamwambia, mwambie. Akasema, nitamwambia kesho. Kila mwaka alikuja kupalilia hapa, na kila mwaka nikamuuliza, na kila mwaka kesho."

Kaburi liko mahali palipoinuka kidogo, nyuma ya majaruba ya mpunga. Lilikuwa safi. Mbao mbili za mkomafi, moja kichwani moja miguuni, zimepigwa randa vizuri, kingo zimeviringwa. Mkono wako. Hazina jina. Nilikaa chini nikaweka kiganja juu ya udongo na sikuhisi chochote, Fundi, hilo ndilo lililonitisha kuliko stoo. Miaka tisa nimelilia kaburi, na nilipolipata nikakaa kama mtu aliyefika kituo cha boti mapema. Kilio kilikuja baadaye, nikiwa Nyamisati, nanunua vocha ya simu.

Nilikuwa na hasira na wewe. Bado ninayo. Miaka saba tumekula wali pamoja. Ulinisikia nikisema mbele yako, "Mama yangu angalau angejua alikolala." Ulinisikia. Ukasema, "Mungu anajua," ukaendelea kupima mbao.

Mama nilimpeleka Maparoni juma lililofuata. Sikumwambia kwa simu. Nilikwenda Mbuchi, nikamkuta anaanika mpunga, nikamwambia, "Mama, Zena amepatikana, amezikwa kwa heshima yake." Alinitazama, akaendelea kutandaza mpunga mpaka ukaisha, kila punje ilipata jua. Kisha akaingia ndani, akatoka na kanga mpya zilizofungwa kwenye mfuko, zile alizomnunulia Zena mwaka uleule aliopotea. Kaburini hakupiga kelele. Alilala chini kando yake, ubavu kwa ubavu, kama alivyokuwa akilala nasi tukiwa na homa. Kibwana na mimi tukaenda kando. Alipoinuka alikuwa na udongo shavuni, akasema tumtafute maalimu, hitima isomwe leo. Ikasomwa. Wali ulipikwa kwa mke wa Kibwana na watu wasiomjua Zena wakala wakamwombea.

Jioni ile akaniuliza, "Na huyo aliyemzika?" Nikamweleza wewe ni nani, na kwamba umekufa, na sanamu. Baba mdogo, aliyefuatana nasi, alisema asiende kutazama, hayo ni masanamu. Mama akamjibu, "Siendi kuabudu. Naenda kutazama kazi ya mtu."

Ndivyo alivyopanda lori nasi. Alikaa mbele na dereva, mimi nyuma na mizigo, na Mama wa Mateso amelazwa katikati ya mabenchi, nimemfunga upya shuka. Njia nzima niliweka mkono juu yake asigongwe. Kila lori lilipokita kwenye shimo, nilisikia kama anavuta pumzi.

Kanisa kuu ni kubwa, Fundi, hukuniambia. Dari liko mbali, na sauti ukiitoa inarudi baadaye, imebadilika. Vijana wanne walimsimamisha kwenye nguzo yake. Chini wamebandika kibao cha shaba chenye jina la mfadhili. Padre akavuta shuka. Mwanga wa vioo vya rangi ulimwangukia usoni, nami nikarudi hatua moja nyuma, maana pale juu, mbali na vumbi la karakana, hakuwa mfano wa Zena. Alikuwa yeye, anangoja chombo.

Na kabla hatujasema neno, wanawake wawili waliokuwa wakifagia wakaacha mafagio, wakapiga magoti mbele yake. Mmoja akaanza kulia. Kwa sauti ndogo akamweleza habari za mwanawe. Akimweleza mdogo wangu.

Nilimwangalia mama. Niliogopa ataanguka, au atapanda juu amshushe. Alivua kandambili, akasogea taratibu mpaka mbele, akanyoosha mkono, akakishika kile kidole. Akakikanda kama alivyokuwa akikikanda kwa mafuta ya nazi siku zile kilipovunjika. Alimtazama muda mrefu sana. Mwenye kulia akampisha.

Kisha mama akageuka kwangu, akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Kafanana. Lakini Zena yuko Maparoni. Huyu waachie wenyewe." Akarudi akavaa kandambili zake, akamuuliza sista mahali pa kunawa.

Ningependa kukwambia kwamba hofu iliniisha hapo. Kwa mama iliisha. Lakini wiki iliyopita Padre alinipigia simu. Anasema sanamu inatoa maji usoni, kidogo, chini ya macho, na watu wameanza kuja kutoka parokia nyingine na chupa. Akauliza taratibu, "Fundi, ni mbao, au ni jambo?" Mara ya kwanza mtu kuniita Fundi, na swali lenyewe likawa hilo.

Nikamjibu, "Ni mbao, Padre. Mkomafi hutoa chumvi." Akanishukuru, nikamsikia kama ameshusha mzigo na kama amepoteza kitu. Sikumwambia habari ya kiti cha askofu. Bado ni kikavu, nimemuuliza kwa ujanja.

Jambo la mwisho, ndipo nikuage.

Jumamosi nilirudi Maparoni kupanda mawaridi, mama aliomba. Tulipomaliza Kibwana akaniita pembeni, akanionyesha tuta jingine ndani ya kichaka, halina mbao. Akasema huyo alimkuta peke yake, mwanamume, miaka mitatu baada ya Zena, na hakumwambia mtu, hata wewe. Akaniletea kopo la maziwa. Ndani kuna kofia ya kushonwa kwa mkono, aliikuta mfukoni mwa marehemu. Imefifia, lakini mshono ni mzima: nyota ndogondogo, na kila nyota ya tatu imeachwa wazi. Kofia kama ile hainunuliwi dukani. Kuna mwanamke aliyeishona jioni baada ya jioni, na akiiona ataijua kama ninavyokijua kile kidole.

Nimeichukua. Kibwana aliogopa, nikamwambia magogo yako nitayanyamazia, mtu huyu siwezi.

Kwa hiyo, Fundi Damiani, lala. Nimekusamehe asubuhi, mchana nikakasirika tena, sasa hivi ninapoandika sijui niko wapi, lakini ulimzika mdogo wangu na kumfunika uso kwa shati lako, na hilo haliondoki. Mama anakusalimu. Amesema hivyo hasa: "Msalimu."

Na ahadi yangu ni hii. Kesho nafunga karakana. Maji yaliyomleta yule mwanamume hutoka juu, kwa hiyo naanza Ngorongo, nishuke na mto kijiji kwa kijiji, nikiwakalisha wanawake chini na kuwaonyesha kofia, mpaka mmoja aipokee kwa mikono miwili na asiirudishe.

Mwanahawa,
fundi, Kibiti